Kununua nyumba Mwanza: kwa karatasi ya mtaa, kwa hati na wakili, au kwa mkopo wa benki?

Mtu anayetafuta nyumba Mwanza kwa kawaida huanza na bei, halafu eneo, maji na barabara. Tuseme ameonyeshwa nyumba mbili za vyumba vitatu. Ya Buswelu ina hati, inauzwa milioni 80. Ya Kishiri ina karatasi ya mtaa, inauzwa milioni 45. Bei ni za mfano tu, ili hesabu ziende vizuri huko mbele. Wengi wakifika hapo wanapiga hesabu ya haraka, wanaona milioni 35 zimebaki mfukoni, na siku ya pili kishika uchumba, yaani malipo ya mwanzo ya kuishikilia nyumba, kimeshatoka kwenda Kishiri.

Kazi yangu inanikutanisha na karatasi za mauziano kila wiki, na kuna swali ambalo wanunuzi hawaulizi mapema: shilingi ya mwisho ya nyumba hii nitaijua lini? Bei iliyotajwa na dalali si gharama ya nyumba. Kuna kodi, ushuru, wakili, mthamini, upekuzi wa hati kwa Msajili, madeni ya muuzaji, dalali mwenyewe, na wakati mwingine watu ambao hukujua kama wapo. Njia unayonunulia ndiyo inayoamua utayajua haya yote kabla ya kusaini, siku ya kusaini, au miaka mitatu baadaye. Kwa hiyo nalinganisha njia tatu, na nyumba za mfano zitakuwa hizohizo mbili.

Njia zenyewe

Ya kwanza ni ya mtaa. Eneo halijapimwa, hakuna hati, mnaandikishana mbele ya mwenyekiti au mtendaji na mashahidi. Ni njia ya watu wengi Igoma, Mahina, Kishiri, Buhongwa kwa ndani, na kwenye vilima vya Igogo na Bugarika ambako nyumba zimekaa juu ya mawe.

Ya pili ni nyumba yenye hati miliki, unalipa fedha taslimu, na wakili anasimamia uhamisho mpaka jina lako liingie kwenye daftari la Msajili wa Hati. Sehemu kubwa ya Kiseke, Buswelu, Nyegezi, Pasiansi na Capri Point inakwenda kwa njia hii.

Ya tatu ni nyumba yenye hati, lakini sehemu kubwa ya fedha inatoka benki na nyumba inakuwa rehani. Karatasi ya mtaa haikufikishi huku. Benki inataka hati.

Wapo pia wanaonunua viwanja vilivyopimwa kwa makampuni, kwa malipo ya awamu. Hiyo ihesabu kama njia ya pili, ila na swali la ziada: hati ya eneo zima ina jina la nani leo, na mkataba unasemaje kampuni ikishindwa kukutolea hati yako wakati umeshamaliza awamu?

Siku unayoijua gharama

Marekani walilivalia njuga jambo hili zamani. Mwaka 1974 Bunge lao lilipitisha sheria ya taratibu za kukamilisha mauziano ya nyumba, inayofahamika kwa kifupi kama RESPA, baada ya wanunuzi kulalamika kwamba siku ya kusaini wanakuta orodha ya ada ambazo hawakuwahi kuzisikia. Utaratibu wao wa sasa, ulioanza tarehe 3 Oktoba 2015, unamtaka mkopeshaji ampe mwombaji makadirio ya gharama zote kwa maandishi ndani ya siku tatu za kazi tangu apeleke maombi. Kisha hesabu ya mwisho lazima imfikie angalau siku tatu za kazi kabla ya kukamilisha. Ada ambazo mkopeshaji anazitoza mwenyewe haziruhusiwi kupanda hivihivi kutoka kwenye makadirio yale. Mnunuzi anaweka karatasi mbili pembeni kwa pembeni na kuona kilichoongezeka.

Jambo moja kwenye sheria ile linatuhusu sana: inawalinda wanaonunua kwa mkopo wa nyumba. Anayelipa taslimu haimgusi. Na kwetu hali inafanana, ingawa sheria zetu ni nyingine. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2019 za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha zinaitaka benki imweleze mteja riba, ada na masharti kwa uwazi kabla hajasaini. Kwa hiyo aliyekwenda benki ana taasisi inayowajibika kumwonyesha gharama kwa maandishi, angalau zile zinazopita kwenye mikono ya benki. Aliyekwenda kwa wakili na hati anaweza kupata orodha hiyo, lakini lazima aiombe. Aliyekwenda mtaani hana wa kumwomba.

Hiyo ndiyo tofauti kubwa kuliko zote baina ya njia hizi, na ningependa msomaji aibebe kwenda nayo kwenye sehemu zinazofuata.

Kwa mnunuzi wa hati na wakili, dawa yake haina gharama. Kabla ya kishika uchumba, mwombe wakili akuandikie ukurasa mmoja: ada yake, ada ya upekuzi, mthamini, ushuru wa stempu, kodi ya muuzaji na nani anailipa, ada za kibali na usajili wa uhamisho, pango la ardhi linalodaiwa, na madeni ya maji MWAUWASA na ya umeme. Aweke tarehe na saini. Wakili mzuri hatakasirika. Akikujibu "tutajua mbele ya safari", tafuta mwingine, kwa kuwa gharama hizi kwa mtu anayezifanya kila siku si fumbo.

Nani analipwa na nani

Hapa ndipo fedha nyingi zinapopotelea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Anza na njia ya mtaa. Waliowahi kununua kwa njia hiyo wanaijua picha yake. Ofisi ya mtaa, benchi mbili, muuzaji na ndugu zake upande mmoja, mnunuzi na mkewe upande mwingine, majirani wa mpakani, mjumbe, na dalali amesimama mlangoni akiongea na simu. Mkataba umeandikwa kwa mkono kwenye karatasi ya mistari. Mipaka imetajwa kwa mwembe wa jirani upande wa mashariki na jiwe kubwa upande wa ziwani. Fedha zinahesabiwa mezani, muhuri unagongwa. Kisha inatoka sauti ya upole: "Mzee, sasa tumalizie asilimia kumi ya ofisi."

Asilimia kumi ya milioni 45 ni milioni nne na laki tano. Mnunuzi anaisikia kwa mara ya kwanza wakati fedha zake ziko mezani na watu wote wanamtazama. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 haina kifungu kinachompa kiongozi wa mtaa asilimia kumi ya bei ya nyumba. Kama halmashauri imeweka ada yoyote kwa sheria ndogo, ofisi ina uwezo wa kukuonyesha sheria ndogo hiyo na kukutolea namba ya malipo ya serikali, ile wanayoiita kontroli namba, ukalipe benki au kwa simu na risiti ibaki kwako. Malipo yanayopokelewa mkononi na kuandikwa nyuma ya daftari hayana sifa hiyo. Ukilazimishwa, namba ya bure ya TAKUKURU ni 113. Najua si rahisi kuipiga ukiwa umekaa ofisini kwa mtu ambaye kesho utamhitaji akuthibitishe kuwa wewe ni mkazi. Ndiyo maana swali la asilimia kumi liulizwe wiki moja kabla, ukiwa bado una uwezo wa kuondoka.

Njia ya pili ina ugonjwa wake, nao unaitwa cha juu. Muuzaji anataka milioni 72 mkononi. Dalali anakutajia 80. Zile nane ni zake, na muuzaji wakati mwingine hajui. Halafu dalali huyohuyo anakuomba na wewe asilimia tano, milioni nne nyingine, kwa kuwa amekuzungusha mjini. Amelipwa pande mbili kwa mauziano mamoja, na wewe umelipia zote mbili.

Simchukii dalali. Mji kama huu bila madalali ungetafuta nyumba miezi sita, na kazi yake ya kweli, ya kujua nani anauza na nani anahama, inastahili malipo. Shida ni malipo yasiyoonekana. Dawa yake ni tatu kwa pamoja: muone muuzaji uso kwa uso kabla hamjakubaliana bei, bei yote iliyoandikwa kwenye mkataba iingie kwenye akaunti ya muuzaji mwenyewe, na malipo ya dalali yaandikwe pembeni, kiasi na nani anayalipa, kabla hajakuonyesha nyumba ya kwanza. Dalali anayemzuia muuzaji asikutane na wewe kabla ya fedha anakulinda usijue bei.

Kuna na aina nyingine ya cha juu ambayo haina jina. Muuguzi mmoja alikuwa anafuatilia nyumba Nyasaka, dalali akamwambia, "Dada, usihangaike, wakili wetu yupo, tunafanya naye kazi siku zote, hata mthamini tunaye." Yule dada akamjibu, "Nashukuru kaka, lakini wakili nitamtafuta mwenyewe. Wewe nitakulipa cha kwako tulichoandikiana." Alifanya jambo kubwa kuliko linavyoonekana. Wakili aliyeletwa na dalali anategemea dalali amletee mteja mwingine kesho, na upekuzi ukionyesha kasoro kwenye hati, hana sababu nzuri ya kuvuruga biashara. RESPA inaliita hili kwa jina lake: kifungu cha 8 kinakataza mtu kulipwa kwa ajili ya kumpeleka mteja kwa mwingine, na kugawana ada ambayo hakuna kazi iliyofanyika. Adhabu yake ni faini hadi dola 10,000 na kifungo hadi mwaka mmoja, na aliyeumizwa anaweza kudai mara tatu ya alichotozwa. Kifungu cha 9 kinamkataza muuzaji kumlazimisha mnunuzi achukue bima ya umiliki, ile ya kumlinda mtu mwingine akija kudai nyumba, kwa kampuni aliyoichagua muuzaji. Sisi hatuna kifungu cha namna hiyo cha kumwonyesha dalali, lakini hakuna sheria inayokulazimisha utumie wakili wa mtu mwingine. Kataa tu, kwa heshima.

Kwenye njia ya benki, mthamini na wakili wa rehani kwa kawaida wanatoka kwenye orodha ya benki, na wewe ndiye unayewalipa. Hapo huna uhuru wote. Lakini una haki ya kuomba orodha nzima na kulinganisha ada, badala ya kupokea jina moja. Na kumbuka wakili huyo analinda rehani ya benki. Kukulinda wewe dhidi ya muuzaji si kazi aliyopewa, hivyo anayenunua kwa mkopo bado anahitaji wakili wake kwa mkataba wa mauziano, hata kama inauma kulipa mawakili wawili.

Kodi: nani anabeba

Nyumba ya milioni 80 yenye hati, tuihesabu.

Ushuru wa stempu ni asilimia moja, takriban shilingi 800,000, na kwa desturi ni wa mnunuzi. Ulipwe ndani ya siku 30 tangu kusaini.

Kodi ya ongezeko la mtaji ni ya muuzaji kisheria. Kwa mkazi ni asilimia 10 ya faida. Akiwa na ushahidi kwamba kiwanja na ujenzi vilimgharimu milioni 50, faida ni milioni 30 na kodi ni milioni 3. Asipokuwa na kumbukumbu za gharama, mabadiliko ya sheria ya mwaka 2023 yanamtoza asilimia 3 ya bei au ya thamani iliyoidhinishwa, ile iliyo kubwa. Kwa milioni 80 ni milioni mbili na laki nne. Kuna msamaha kwa nyumba ambayo mwenyewe ameimiliki na kuishi kwa miaka mitatu au zaidi, kama faida haizidi milioni 15. Sheria ya Fedha hubadilisha viwango, na mabadiliko yake huanza Julai mosi, kwa hiyo thibitisha TRA kabla ya kuandika mkataba.

Sasa angalia maneno ambayo muuzaji atakuambia: "Mimi nataka milioni 80 yangu kavu." Maana yake kodi yake imehamia kwako. Bila uthibitisho wa kodi hiyo Msajili hahamishi jina, na wewe ndiye mwenye haraka ya jina kuhama, kwa hiyo utailipa. Si dhambi kukubaliana hivyo. Kosa ni kukubaliana bila kuandika na bila kupunguza bei. Nyumba ya 80 kavu ni nyumba ya 82 na nusu au 83, na uilinganishe na nyingine kwa bei hiyo.

Hapo hujagusa pango la ardhi. Nimeona mafaili yaliyokwama muda mrefu kwa sababu muuzaji hakulipa pango tangu apewe hati, na deni limezaa adhabu. Weka kwenye mkataba kwamba madeni yote ya kabla ya kusaini ni ya muuzaji na yatakatwa kwenye bei. Kodi ya majengo ni ndogo. Nyumba ya kawaida inakatwa shilingi 1,500 kwa mwezi kwenye LUKU tangu mwaka 2023.

Kuna ushauri mmoja utapewa na watu wengi, nami nakuomba uukatae: andikeni bei ya chini kwenye mkataba ili kodi ipungue. Mkataba unasema milioni 40, wewe umetoa 80. Mthamini anaweza kuikataa bei hiyo na TRA wakatoza kwa thamani yake, kwa hiyo hata faida unayoifuata haipo kwa uhakika. Mauziano yakivunjika, utadai mahakamani kilichoandikwa, milioni 40. Na siku utakapouza wewe, faida itahesabiwa kuanzia 40, kwa hiyo kodi aliyoikwepa muuzaji wa leo utailipa wewe kesho. Katika ujanja wote wa mauziano, huu unamwumiza mnunuzi peke yake.

Na njia ya mtaa? Watu wanaipenda kwa sababu wanaamini haina kodi. Ushuru wa stempu unaihusu karatasi ile pia. Mkataba usiolipiwa stempu haupokelewi kama ushahidi mahakamani mpaka ushuru na adhabu vilipwe. Kwa hiyo mwenye karatasi ya Kishiri anaipeleka TRA siku anayoihitaji zaidi, akiwa ameshashtakiwa na mtu anayesema kiwanja ni cha baba yake.

Gharama isiyoisha

Nyumba ya milioni 45 isiyo na hati siku moja itataka hati. Urasimishaji wa makazi, yaani kupima na kutolea hati maeneo yaliyojengwa bila kupimwa, ukifika mtaani kwenu, utachangia upimaji, utalipia maandalizi ya hati, na mchoro wa mipango miji ukikuta nyumba yako imekaa kwenye njia, njia ndiyo inayoshinda. Kipande cha kiwanja ulichokinunua kinaondoka na hakuna wa kumdai.

Kando ya ziwa ni hatari zaidi, na hapa nazungumza na wale wanaovutiwa na Luchelele, Malimbe, Igombe na Kayenze. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Karatasi ya mtaa haipimi mita. Utauziwa eneo zuri lenye upepo, mpaka wake wa chini ukiwa kwenye magugu maji, na hutaambiwa kwamba sehemu yake haiwezi kuwa yako. Nenda na futi ya kamba, pima kutoka ukingoni, kisha kumbuka kwamba ukingo wenyewe unahama: mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipanda hadi kiwango cha juu kuliko kumbukumbu zote zilizotangulia, na maji yaliingia kwenye nyumba za watu waliojenga wakidhani ufukwe umesimama pale milele. Kwa eneo la ufukweni nisingekubali kununua bila ramani ya upimaji iliyoidhinishwa, hata kwa bei ya kutupa.

Upande wa Usagara na Kigongo, tangu Daraja la Magufuli lifunguliwe Juni 2025, utasikia madalali wakisema "wahi kabla bei haijapanda". Kama eneo bado ni ardhi ya kijiji, si mjumbe wala mwenyekiti peke yake anayeidhinisha. Halmashauri ya Kijiji ndiyo yenye mamlaka, na muhtasari wa kikao chake uwe kwenye faili lako.

Benki: ada unaziona, riba unaisahau

Una milioni 20, benki inakukopesha 60 kwa miaka 15. Kwa riba ya asilimia 16 inayohesabiwa kwa salio linalopungua, rejesho ni kama shilingi 881,000 kwa mwezi, na ukimaliza utakuwa umelipa takriban milioni 158.6 kwa mkopo wa 60. Kwa asilimia 15, rejesho ni kama 840,000 na jumla ni milioni 151.2. Tofauti ya asilimia moja tu ya riba ni zaidi ya milioni saba.

Nazitaja hizi kwa sababu wateja wanabishana na benki kuhusu ada ya kuandaa mkopo. Ikiwa asilimia moja ni laki sita, mbishane ndiyo, lakini mkishushiana laki tatu na riba ikabaki juu kwa asilimia moja, umepoteza. Uliza na kama riba ni ya salio linalopungua au ni bapa, yaani inayohesabiwa kwa mkopo wote wa mwanzo miaka yote. Asilimia 16 bapa kwa miaka 15 ingefikisha jumla milioni 204. Halafu uliza: riba inaweza kubadilishwa katikati? Nikilipa mapema natozwa nini? Bima ya nyumba na bima ya maisha zinalipwa mara moja au kila mwaka, na ziko ndani ya rejesho au nje? Majibu yawe kwenye barua ya ofa. Nenda benki mbili au tatu, weka barua zao mezani, na ulinganishe jumla ya miaka yote, maana rejesho la mwezi linaweza kuonekana dogo kwa sababu tu miaka imerefushwa.

Mambo yakiharibika

Mwenye karatasi ya mtaa anakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba na mashahidi. Kesi yake inategemea kumbukumbu za watu, na mashahidi wanazeeka, wanahama, wanabadilika.

Mwenye hati ana daftari la serikali upande wake. Tena ana silaha ambayo wanunuzi wengi hawaitumii: ukishalipa sehemu ya bei na uhamisho haujakamilika, wakili anaweza kuweka zuio kwa Msajili wa Hati ili nyumba isiuzwe kwa mwingine wala isiwekwe rehani nyuma yako. Wakili mwenyewe akikuangusha, malalamiko yanapelekwa Kamati ya Mawakili.

Mteja wa mkopo anaanza na benki yenyewe kwa maandishi, na asiporidhika anakwenda kwenye dawati la malalamiko la Benki Kuu, ambayo ina tawi hapa Mwanza. Kati ya hao watatu ndiye mwenye mlango wa wazi zaidi.

Ila kuna jambo linaloweza kuziangusha njia zote tatu: mwenza wa muuzaji. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, hairuhusu nyumba ya ndoa kuuzwa au kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenza. Baba anasaini Mwanza, mama yuko Ukerewe kwa wazazi, na dalali anakuambia mama hana neno. Msubiri arudi, au mfuate na wakili. Saini yake, picha yake na kitambulisho chake viwe kwenye faili.

Nani achukue ipi

Mwenye fedha kamili ya nyumba yenye hati, hata kama ni nyumba ndogo kuliko aliyoiota, achukue hati na wakili aliyemtafuta mwenyewe. Kwa hesabu yangu ndiyo njia yenye gharama ndogo kuliko zote ukijumlisha mpaka mwisho, kwa sharti la ukurasa ule mmoja wa gharama kabla ya kishika uchumba.

Mwenye mshahara wa uhakika na theluthi au robo ya bei asione aibu kukopa. Riba ni nzito, nimeionyesha, lakini hakuna njia nyingine ambayo mwenye fedha zake ndani ya nyumba, yaani benki, atapekua hati kwa ukali pamoja na wewe. Rejesho likizidi theluthi ya mshahara, apunguze nyumba.

Mwenye milioni 20 au 25 na watoto wanaohitaji pa kulala, najua hati za Buswelu hazimfikii, na kumwambia "usinunue mtaani" ni kumwacha apange maisha yake yote. Huyo anunue, lakini si kwa haraka ya dalali. Aende kwanza ofisi ya mipango miji ya Nyamagana au Ilemela akaulize eneo limepangiwa nini na urasimishaji umefika wapi. Atafute wakili wa kuandika mkataba, alipie stempu ndani ya zile siku 30, apige picha mipaka akiwa na majirani wote, na atenge fedha ya upimaji tangu siku ya kwanza. Asilimia kumi aiulize kabla, na jibu alipate kwa maandishi.

Aliye Dar es Salaam, Dodoma au nje ya nchi anayemnunulia mama yake nyumba huku, njia ya mtaa aiache kabisa. Anunue chenye hati, upekuzi afanyiwe na wakili asiyefahamiana na ndugu anayesimamia, na bei aitume moja kwa moja kwenye akaunti ya muuzaji baada ya ripoti ya upekuzi kumfikia.